Nahodha Gunda, Nimeyafuata Maji

Nahodha,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kusema na wewe bila shikamoo. Hata siku zile tulizotaniana tangu alfajiri mpaka jua linazama, shikamoo ilitangulia.

Nakuandikia nikiwa nimekaa ndani ya boti. Wewe hukujua kusoma, na mimi shule yangu ilikatika pale nilipoanza kuipenda, baba akanirudisha kwenye ng'ombe. Kwa hiyo barua hii haitapita posta. Nikiimaliza nitakuja nayo mwenyewe kaburini kwako nikusomee polepole, na nikikosea kusoma hutanicheka.

Habari mbaya naitoa kwanza. Ziwa limeondoka. Si kwa upepo, Nahodha, limeondoka kweli. Pale gatini petu, kwenye nguzo uliyoichimbia wewe ya kufungia boti, sasa wanapita mbuzi. Ulipokufa kwa kile kichomi, maji yalikuwa bado yanailamba ile nguzo. Mvua za msimu uliofuata hazikuja. Yalinyesha manyunyu ya kuudanganya mtama uote, kisha jua. Mtama ukakaukia kwenye urefu wa goti. Watu wa Iguguno wanakuja huku na ng'ombe wao kutafuta majani, watu wa huku wanakwenda Iguguno kutafuta nafaka, wanapishana njiani wakiulizana huko kuna nini, na wote wanajibu hakuna kitu.

Habari ya pili ni kwamba nimevunja amri yako. Hiyo ndiyo iliyonifanya nitafute karatasi. Nataka uisikie kwangu, yote, tangu inapoanzia.

Unakumbuka nilikuja huku kutafuta hela ya kodi. Nilitoka Nassa, ukingoni mwa Ziwa kubwa, nikatembea mpaka viatu vikawa vya kubeba mkononi. Mgodini wakanipa sururu. Nikawa natoka shimoni mweupe kama mtu aliyemwagiwa unga, natema mate ya vumbi, na mgongo wangu ukazeeka kabla yangu. Siku uliyokuja kwenye kambi ya vibarua ukauliza, "Nani hapa amezaliwa kwenye maji?" mimi niliinua mkono kabla hujamaliza. Ukanitazama juu mpaka chini.

"Msukuma," ukasema. "Basi tumekwisha."

Vibarua wakacheka. Nikakujibu kwamba Mnyiramba anayeliita dimbwi lake ziwa hana ruhusa ya kumcheka mtu. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi.

Boti ilikuwa ya Kanji, mwenye duka la mgodini, aliyeinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Tumbo lake bapa, limefunikwa mabati, kwa hiyo kila mtu aliiita Sufuria. Kanji aliikodisha kwa Wazungu wa mgodi siku za Jumapili, na kwa bwana shauri wa bomani alipopita na safari yake, na mara chache kwa Wahindi wenzake waliokuja na watoto na masufuria ya chakula ya kweli. Kazi yetu ilikuwa kuwapeleka waliko samaki na kuwarudisha wakiwa hai na wakiwa wamefurahi. Ulisema la kwanza ni gumu na la pili haliwezekani.

Watu wa kijijini walidhani tunastarehe. Hawakuona Jumamosi tukichimba minyoo kwenye samadi ya zizi lako. Hawakuona tunavyowabeba wageni mgongoni kutoka nchi kavu mpaka kwenye boti ili viatu visilowe, na yule bwana wa mashine, tuliyemwita Bwana Kofia, mzito kuliko gunia la chumvi, akitushika masikio kama hatamu. Kambale akinasa, Mzungu anapiga kelele, wewe unatia wavu, unamwingiza, unamgonga kichwa. Kisha picha inapigwa, na aliyeshika samaki ni Mzungu. Mimi nilikasirika mara ya kwanza. Wewe ulisema, "Mwache ashike yeye. Anuke yeye."

Sasa lile kosa langu la mwanzo, ulilolisimulia mpaka kwenye vilabu vya pombe. Upepo ulitoka mashariki, nyuma ya milima, ukaanza kupiga. Kwetu upepo ukianza hivyo mtu anakimbilia nchi kavu bila kuuliza. Waliouliza tumewazika, na wengine hatukuwaona tena wa kuwazika. Siku hiyo ulikuwa umeniachia nyuma ya boti, maana ndoano ya mama mmoja wa Kizungu ilikuwa imenasa kwenye kofia yake mwenyewe na wewe unaitoa. Nikaigeuza boti, nikashika pondo, ule mti wetu mrefu wa kusukumia, nikasukuma kwa nguvu zangu zote kuelekea gatini. Hatukufika. Upepo ulikuwa unayapeleka maji upande wa pili, na nchi kavu niliyoikimbilia ilikuwa inatukimbia. Boti ikakaa kwenye tope kama mwiko kwenye ugali. Viboko nao walikuwa wameachwa na maji, wakaanza kupita kando yetu wakiyafuata, karibu kiasi cha kusikia matumbo yao. Yule mama akaacha kulia asije akawaudhi.

Ulininyang'anya pondo mkononi, nikadhani utanipiga nayo. Ukaketi mahali pako pale nyuma, ukailaza kwenye magoti.

"Mtani," ukasema, "umetupikia ugali. Sasa tukae tuungoje upoe."

Tukakaa. Jioni upepo ulilala, na maji yakaja yenyewe taratibu, yakainyanyua boti kama mtu anayemwamsha mtoto. Hapo ndipo uliponipa amri ile. "Huku maji yanaondoka na upepo, na yanarudi. Usiyafuate, usiyakimbie. Chomeka pondo katikati, kaa, ngoja."

Nimekuona ukiwakatalia watu wakubwa kwa kukaa tu. Bwana shauri alipotaka kupelekwa kwenye matete wanakozalia viboko, hukubishana. Uliketi, pondo kwenye magoti, ukaangalia mbali. Alisema, akasema tena, kisha akaomba chai. Na mimi nilijifunza hivyo. Kuliko maneno, niliishika ile namna yako ya kuketi.

Nikuambie siku ya mazishi, maana hukuiona vizuri. Wasukuma wa mgodini walikuja wote wenye ruhusa na baadhi wasio na ruhusa. Mimi ni mtani wako, kazi yangu ilijulikana. Kabla hujateremshwa niliruka kaburini, nikalala chali, nikasema sitoki, ni pazuri, mtafutieni mzee kwingine. Nikagonga kuta kwa ngumi, kama ulivyokuwa unagonga ubavu wa Sufuria kila Jumapili asubuhi.

"Halivuji," nikawaambia. "Mnaweza kumpakia."

Watu walicheka, Nahodha. Ndugu zako walicheka huku wanafuta macho. Nikadai kitu cha kunitoa. Wangeleta kuku, ingetosha. Mkeo, Mama Kingu, alikwenda nyumbani akarudi na pondo yako. Akaiteremsha mpaka ncha yake ikanigusa kifuani.

"Shika hii utoke," akasema.

Nikaishika, wakanivuta. Nilipofika juu watani wenzangu walikuwa wanangoja niongeze neno. Nilisimama na ile pondo kama nguzo ya nyumba iliyobomolewa, wakakuteremsha, na sikuona mengi zaidi.

Basi kwa pondo hiyo nikawa nahodha. Kanji alisema nijaribu. Msengi, mpwa wako, akachukua nafasi yangu mbele. Alinuna kidogo, akasema haijawahi kuonekana Msukuma kumwamuru Mnyiramba kwenye maji ya Wanyiramba, kisha akazoea. Lakini mahali pako pale nyuma sikupakalia. Niliongoza nikiwa nimesimama, siku nzima, mpaka Bwana Kofia akaniuliza kama nina jipu. Nilisema ndiyo.

Maji yalipoanza kusogea kutoka gatini nilijua la kufanya. Nilichomeka pondo nikangoja. Msengi aliniambia tuisogeze boti, tuyafuate. Nikamwambia mjomba wako alisema yatarudi. Yakasogea tena. Nikangoja tena. Wateja tuliwabeba mgongoni mbali zaidi kila Jumapili, mpaka siku moja hapakuwa na kumbeba mtu kwenda popote, kwa sababu Sufuria ilikuwa imeketi juu ya tope lililopasukapasuka na maji yanaonekana mbali, mstari mwembamba unaometa. Hata hapo nilikaa ndani yake nikiutazama ule mstari, naungoja upepo. Upepo ulikuja. Ulileta vumbi.

Kanji akaja na fundi bati. Yule fundi alizunguka boti, akaigonga tumbo kwa kidole, akasikiliza. Ilitoa sauti ya ndoo. Kanji hakuwa na ukali. "Gunda alikuwa mtu mzuri," alisema, "na wewe ni mtu mzuri. Lakini mimi siwezi kuweka boti shambani." Lori likirudi kutoka Singida mwezi ukiandama, fundi angekata mabati, atengeneze ndoo na makarai, na mbao zingekwenda kuwa kuni za hoteli ya mgodini. Mimi ningeweza kurudi shimoni, alikuwa ameshaniombea.

Nilifikiria njia ya Nassa. Kaka alikuwa ameniletea habari kwa mchuuzi wa chumvi kwamba mama anazeeka, na kwamba ziwa letu halikauki, kwa nini nakaa kwa watu ambao ziwa lao linakufa. Nilimwambia mchuuzi jibu atalipata akipita tena. Nilikwenda kumuaga Mama Kingu.

Nilimkuta anapepeta uwele. Nikashangaa, maana mwaka huu uwele ni kitu cha kuficha. Akaniambia ni ule uliowekwa kwa pombe ya kumaliza matanga yako. Njaa imekuja, hakuugusa. Nikamweleza habari za Kanji. Nikamwambia sikuelewa, nilifanya kila ulichonifundisha, nilikaa, niliungoja upepo ugeuke.

Aliacha kupepeta. "Mume wangu alijua upepo," akasema. "Alikuja hapa kutoka milimani akiwa mtu mzima na ndevu zake. Mimi ndiye niliyezaliwa hapa. Nilikuwa msichana ziwa lilipokauka, tukavuka kwa miguu kwenda kucheza ngoma ng'ambo. Yeye hilo hakuliona. Nilimwambia mara nyingi, akasema ni hadithi za wanawake."

"Kwa hiyo alinidanganya?"

"Hakukudanganya. Hakuliona."

Nahodha, neno hilo lilinigeuza. Miezi yote nilikuwa nakungojea wewe, si maji. Nilidhani nikitoka pale uliponiweka nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Nikamuuliza wapi maji yalibaki wakati ule wa usichana wake. Akasema mdomoni mwa mto, pale penye kina, hapakukauka hata siku moja. Nikasema ni mbali, boti ni nzito, ng'ombe wangezama, watu wana njaa, nani atavuta.

Akautazama ungo wake. "Watu huja kwenye pombe," akasema.

Kaka yako mkubwa alipinga. Alisema pombe ya matanga hunywewa nyumbani kwa marehemu na kumwagwa kaburini kwake, haipelekwi kuzunguka kwenye matope. Mama Kingu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamjibu, "Shemeji, miaka yote hii kila Jumapili nilimtafuta mume wangu nyumbani sikumpata. Kama mnamtaka, mfuateni kwenye boti." Shemeji yake akacheka bila kutaka, na mtu akicheka hivyo neno limekwisha. Alidai tu tone la kwanza limwagwe kaburini. Likamwagwa.

Tulifanya hivi. Mtama uliokauka mashambani tuliung'oa wote, mabua matupu, tukayatandika juu ya tope kutoka boti kuelekea mtoni. Juu ya mabua tukaweka ngozi za ng'ombe waliokufa kwa kiangazi, na ngozi hazikuwa za kutafuta, kila zizi lilikuwa nazo. Tukazilowesha ziteleze. Kanji alinipa kamba za mkonge, na akasema kama haifiki mtoni lori linaweza kuichukua popote itakapokuwa. Jumapili Wasukuma wa mgodini wakaja, Wanyiramba wa vijiji vya karibu wakaja, Mama Kingu na wanawake wenzake wakabeba mitungi kichwani. Boti ikatikisika, ikang'oka kwenye tope kwa sauti mbaya, ikaanza kwenda.

Ungewasikia. Wanawake wa kwenu waliwaambia Wasukuma wavute, au wamezoea kuvuta mikia ya ng'ombe wa watu tu. Mmoja wetu akawajibu, "Maiti wenu mzito mno. Mwaka wa njaa alikuwa anakula nini peke yake?" Mabua tuliyopita tuliyaokota nyuma tukayatandika tena mbele. Hivyo hivyo, nyuma, mbele. Tope lilimshika Msengi mpaka mapajani tukamng'oa kama muhogo, akaacha suruali humo. Alivuta siku nzima akiwa amejifunga ngozi kiunoni, na hakuna aliyemwacha apumzike kwa maneno.

Baada ya jua kupita utosini kamba ikakatika. Watu wakaanguka wote chali. Hakuna aliyecheka. Tulikaa tukihema, mto uko mbele na boti imetulia kama jiwe, na mitungi ilikuwa inasikika kuwa mitupu. Nikawasikia wanasema, si kwa ubaya, kwamba tumevuta vya kutosha, marehemu ameona, tuiache hapa, mvua ikija maji yatalifuata yenyewe dude hili. Walikuwa wanasema maneno yako yale yale. Baadhi wakaanza kuokota vitu vyao.

Mgongo ulikuwa umekufa ganzi. Nilikwenda mbele ya boti, upande wa mto, nikaketi chini kwenye tope, nikailaza pondo yako kwenye magoti. Nikaangalia mbali.

Kaka yako mkubwa ndiye aliyesema, "Angalieni alivyokaa huyo." Hakusema nimekaa kama nani. Hapakuwa na haja. Mama Kingu akaugeuza uso wake pembeni kidogo, kisha akafungua kanga yake ya mabegani, akaisokota, akamrushia Msengi aungie kamba. Mwanamke mwingine akatoa yake. Wasukuma wakarudi kwenye foleni. Nikainuka nikavuta nao.

Tulifika jua limekuwa jekundu. Pua ya Sufuria iligusa maji, ikateleza, na uzito wote ukatoka kwenye kamba ghafla, tukaangukia mtoni na nguo zetu, wale waliokuwa nazo. Ilikuwa inaelea, Nahodha. Ilikuwa inayumba kidogo kidogo kama inavyoyumba ikiwa imeshiba watu. Nilipanda. Nikateremsha pondo kutafuta chini, na pondo ikaenda, ikaenda, mpaka mkono wangu ukalowa. Nikavuta nikaishika vizuri. Kisha nikapita katikati nikaenda nyuma, mahali pako, nikakaa.

Msengi alisema tu, "Lile jipu limepona."

Sasa kazi ni ndogo lakini ipo. Bwana Kofia alikuja Jumapili iliyofuata, akalalamika njia yote kwa sababu ya kutembea, kisha akanasa kambale mnene akasahau miguu. Alipiga picha. Alishika yeye, alinuka yeye. Kanji hajasema tena habari za fundi. Amesema tutaona mvua, nami nimemwambia mvua tutaiona tukiwa majini. Wageni wakichoka kuja, mimi na Msengi tutavua kwa nyavu tuwauzie wa mgodini, lakini boti haitoki kwenye maji.

Amri yako sikuitupa. Ya upepo ni ya upepo, bado naifuata. Ya kiangazi nimeipata kwa mkeo, na nimezifunga pamoja kama kamba ile na kanga. Msengi ameshazisikia zote mbili. Siku nitakapokuwa sipo, atakuwa nazo.

Kwa mama nimetuma jibu sasa. Nimemwambia mchuuzi aseme kwamba nitakuja, lakini si nikiwa nimekimbia. Mvua zikija, ziwa likajaa, kwanza nitairudisha Sufuria gatini kwetu mimi mwenyewe, niifunge kwenye nguzo uliyoichimbia. Ndipo nitakwenda Nassa kumsalimia, na ndipo nitarudi. Hiyo ni ahadi, na naisema nikiwa nimeketi, unajua maana yake.

Siku hiyo nitapitisha boti karibu na ukingo ulipolala, na nitagonga ubavu wake usikie. Mpaka hapo usihangaike na sisi. Kaburi lako nililijaribu mimi kwanza, halivuji. Na boti haivuji. Lala, Nahodha.

Mtani wako wa nyuma ya boti